Fuawe ya Kwanza kwa Mhunzi Anayeanza Mtwara au Lindi: Kuichagua, Kuipima na Kuisimamisha

Fuawe, yaani chuma ambacho mhunzi hufulia juu yake, ile yenye pembe, kisigino na matundu mawili inayochorwa kwenye vitabu vya ufundi, ni nadra kuikuta ikiuzwa Mtwara au Lindi. Ikipatikana, bei yake humaliza mtaji wa anayeanza kabla hajanunua hata koleo. Wengi hukwama hapo, wakidhani uhunzi hauanzi mpaka chuma hicho chenye pembe kipatikane. Si kweli. Panga, jembe, shoka, nyengo, tezo na patasi za wachonga vinyago, misumari ya mashua, chuma cha mbuzi ya kukunia nazi: karibu vyote hufuliwa juu ya uso bapa usiozidi upana wa kiganja. Pembe husaidia kupinda, na kupinda kuna njia nyingine. Kwa hiyo ukiingia kwenye yadi ya vyuma chakavu usitafute umbo. Tafuta kipande kizito, kigumu, kisicho na uwazi ndani, kinachoweza kusimama wima.

Uzito uwe chini ya nyundo

Nyundo ikitua juu ya chuma chenye moto, sehemu ya nguvu yake hukibonyeza chuma na sehemu hupotea bure. Fuawe ikiwa nyepesi, husogea au huruka pamoja na pigo. Ikiwa laini, uso wake wenyewe hubonyea. Fuawe nzuri haifanyi hivyo: inabaki palepale na kuirudisha nyundo juu karibu bila wewe kuinyanyua. Tofauti utaisikia begani baada ya saa mbili za kufua.

Wengi wanaangalia uzito wote wa kipande na kusahau kwamba kilo zenye faida ni zile zilizo chini kabisa ya mahali nyundo inapotua. Chukua kipande cha reli cha mita moja. Ukikilaza kama kilivyokuwa njiani, una kichwa kinene juu, kiuno chembamba cha sentimita moja na ushei katikati, na kitako chini. Kila pigo hukitetemesha kiuno, ncha hupigapiga, na kelele zake huwaamsha majirani. Kisimamishe kipande hichohicho wima, ncha ikitazama juu, na sasa mita nzima ya chuma iko chini ya nyundo. Uso umekuwa mdogo, lakini hauyumbi. Ndivyo ilivyo kwa ekseli, uma wa foklifti na mti wowote mrefu wa chuma: usimamishe.

Kuhusu kilo, ni vizuri fuawe isipungue mara 20 ya uzito wa nyundo, na ikifika mara 40 au 50 kazi inakuwa ya raha. Nyundo ya anayeanza ni ya kilo 1, au hata gramu 800. Kwa visu, tezo, patasi, ndoano na misumari, kipande cha kilo 25 hadi 35 kilichofungwa vizuri kinatosha kabisa. Kwa majembe na mashoka, ambako nyundo hupanda hadi kilo 1.2 au 1.5, tafuta kilo 50 au zaidi. Nanga, au kazi yoyote ambayo mwenzako anasimama upande wa pili na nyundo ya kilo 4, inataka kilo 100. Usianzie huko.

Yadi nyingi mizani ipo, lakini ni vizuri ujue uzito kabla ya kuambiwa. Kwa kipande cha pande nne, zidisha upana kwa unene kwa urefu, vyote kwa sentimita, kisha zidisha kwa 0.00785, utapata kilo. Kipande cha sm 10 kwa 10 chenye urefu wa sm 40 kina kilo 31. Kwa mti wa mviringo, zidisha kipenyo kwa kipenyo kwa urefu, kisha kwa 0.00617. Mti wa kipenyo cha sm 12 na urefu wa sm 60 una kilo 53. Mizani ikikupa kilo pungufu sana ya hesabu yako, kipande kina uwazi ndani, kiache.

Cha kutafuta

Masasi ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu barabara za Mtwara, Tunduru, Nachingwea na Newala hukutana pale. Malori ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma hupita kuelekea bandari ya Mtwara, na msimu wa korosho yanaongezeka mengine. Panapopita malori mazito pana gereji, na nyuma ya gereji pana ekseli zilizokatika, springi, pini na habu. Mtwara mjini na Lindi mjini, tembelea mafundi wa mitambo ya ujenzi na maghala makubwa. Omba ununue kwa kilo, kama chuma chakavu. Ukishatamka kwamba unatafuta fuawe, bei inabadilika.

Kama tungeruhusiwa kuchagua kimoja tu, tungechukua uma wa foklifti. Ni chuma kigumu na imara, kimetengenezwa kubeba tani bila kupinda, na kina pande zilizonyooka tayari. Uma wenye unene wa sm 5, upana wa sm 12 na urefu wa mita 1 una kilo 47. Ukiusimamisha, una uso wa sm 5 kwa 12, ambao unatosha panga. Ncha ya mbele huwa imechongoka, hivyo inakatwa. Au unageuza kipande, ncha hiyo ikaelekea chini.

Pini na miti ya ekskaveta au tingatinga inafuata. Mingi ina kipenyo cha sm 8 hadi 10. Ngozi yake ya nje imefanywa ngumu sana ili isilike, na ndani ni laini kidogo ili isivunjike. Ukiikata na kutumia ncha iliyokatwa, unafulia juu ya ule moyo laini. Si kasoro kubwa, ila ujue ndiyo sababu gololi itadunda kidogo kuliko ulivyotarajia. Msumeno wa mkono na tupa havitaingia upande wa nje.

Ekseli ya nyuma ya lori, ule mti unaotoka kwenye difu kwenda kwenye habu, ndiyo inayopatikana kirahisi kuliko vyote. Ina kipenyo cha sm 5 hivi na sahani pana upande mmoja yenye matundu ya bolti. Watu huipenda sahani kwa sababu ya upana, wakaielekeza juu. Ukifanya hivyo, piga katikati tu, pale mti ulipo chini yake. Kingo za sahani zinaning'inia na zitakurudishia mtikisiko mkononi. Sisi tunaona ni afadhali sahani ikae chini kama mguu, na ncha ya mti iwe uso. Sentimita 5 zinaonekana haba mpaka utakapogundua kwamba nyundo yako yenyewe haina uso mkubwa kuliko huo. Uzito wake, kilo 15 na zaidi kidogo, ndio udhaifu. Ni ya visu na patasi.

Kwa mwenye fedha kidogo sana, kichwa cha nyundo kubwa ya kuvunjia mawe, cha kilo 7 au 8, kikichimbiwa ndani ya gogo mpaka uso mmoja tu ubaki nje, ni fuawe halali. Ni kigumu kuliko ekseli, na pigo linashuka moja kwa moja kwenye gogo. Mapanga hayatakupendeza juu yake, lakini ndoano, misumari na visu vidogo vitatoka.

Cha kuacha

Acha boriti za ujenzi zenye umbo la I, hata zikiwa ndefu na nzito: ni nyembamba kila mahali, zinatetema. Acha jiliwa. Ile sehemu bapa nyuma ya taya zake hufanana na fuawe ndogo, lakini jiliwa nyingi ni za chuma cha kusubu, kile mafundi wanachokiita kasti, na mapigo machache tu yanaweza kuipasua. Drumu la breki, bloku ya injini na flaiwili nyingi ni kasti vilevile. Drumu lifanye jiko la mkaa. Hapo ndipo mahali pake.

Kwenye yadi zinazopokea vyuma vya machimbo ya kokoto na vya mitambo ya saruji utaona sahani nene zenye mabonde, taya za kuvunjia mawe. Zijaribu kwa sumaku. Sumaku ikikataa kushika, ni chuma chenye manganizi nyingi: kikipigwa kinazidi kuwa kigumu, tupa haikiwezi, kutoboa ni vita. Fundi mzoefu anaweza kukitumia. Anayeanza atapoteza wiki. Mabamba na gololi kubwa za ndani ya vinu vya kusagia hushika sumaku, lakini mengi ni kasti yenye kromiamu, magumu na mepesi kuvunjika. Kipande kinaweza kuruka kikakuingia mwilini. Silinda za haidroliki na chochote kilichozibwa pande zote visikatwe kwa moto, kwa kuwa mafuta na hewa ya ndani vikipata joto hulipuka.

Reli inahitaji neno lake. Njia ya reli ya kusini, iliyojengwa na Waingereza kwa ajili ya mpango wa karanga kutoka pwani ya Mtwara hadi Nachingwea, ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kung'olewa. Leo hakuna treni Mtwara wala Lindi, kwa hiyo kipande kipya cha reli kinachojitokeza yadi kimetoka mbali, na kuhujumu miundombinu ya reli ni kosa la jinai. Muuzaji asiye na karatasi za mzigo wake, mwache na mzigo wake. Vivyo hivyo na kile kipande cha zamani kinachoning'inia mwembeni pale shuleni: hiyo ni kengele.

Kupima kabla ya kulipa

Nenda na gololi ya beringi ya kipenyo cha sm 2 hadi 2.5, rula ya sm 30, tupa, nyundo ndogo ya gramu 250, sumaku, brashi ya waya na futi kamba.

Anza kwa kusimamisha kipande kama kitakavyotumika, juu ya sakafu ya zege au ardhi ngumu. Kikilazwa juu ya lundo la vyuma vingine, vipimo vyote vitadanganya. Piga brashi mpaka uone chuma cheupe mahali penye upana wa sarafu. Kutu na rangi hunyonya mdundo, na huo ni mtego wa kawaida: watu huacha kipande kizuri kwa sababu waliangushia gololi juu ya kutu.

Simamisha rula, achia gololi kutoka sm 25 bila kuisukuma, na tazama inarudi hadi wapi. Ikirudi sm 20 au zaidi, uso ni mgumu. Hata fuawe za kiwandani zilizo nzuri ziko hapo. Sm 15 hadi 19, chukua bila wasiwasi. Sm 12 hadi 15 ni chuma laini cha kawaida. Kwa kipande cha ekseli au bamba nene kinachouzwa kwa bei ya chakavu bado kinafaa, kwa sababu chuma chenye moto wa rangi ya chungwa ni laini kuliko uso huo. Lakini mtu akikuuzia kitu chenye umbo kamili la fuawe, kwa bei ya fuawe, na gololi ikarudi chini ya sm 12, huenda anakuuzia kasti. Rudia mahali pengine, si katikati tu. Mahali pamoja pakidunda vibaya huku pengine pakiwa pazuri, kuna ufa au uwazi chini.

Tupa inakamilisha jibu. Ipitishe kwenye ukingo usio na kazi. Ikiteleza kama juu ya kioo, uso umefanywa mgumu vizuri. Ikiuma na kutoa unga, ni laini.

Kama muuzaji anaruhusu kugusa chini kwa grainda, cheche zinasema mengi. Kasti hutoa cheche fupi, nyekundu iliyofifia, zinazofia karibu na diski. Chuma laini hutoa michirizi mirefu ya manjano yenye vinyota vichache. Chuma chenye kaboni nyingi hupasuka vinyota vingi, vingine vikizaa vingine. Unataka hicho cha tatu, unakubali cha pili, unakimbia cha kwanza. Fanya jaribio hili kivulini; juani hutaona kitu.

Mlio usiutegemee peke yake. Chuma kizuri kikiachiwa huru hulia kama kengele na kasti hutoa kishindo kifupi, ila kipande kilichozikwa ardhini au kilichobanwa hakilii hata kama ni bora.

Fuawe ya zamani ikijitokeza

Hutokea. Karakana za misheni, za mashamba na za serikali ya kikoloni zilikuwa na fuawe za Uingereza, na mojamoja bado zipo. Tazama ubavuni: nyingi zina namba tatu zilizogongwa, na hizo si kilo wala mwaka. Namba ya kwanza huzidishwa kwa ratili 112, ya pili kwa 28, ya tatu ni ratili zenyewe. Fuawe iliyoandikwa 1 2 14 ina ratili 112, jumlisha 56, jumlisha 14, yaani 182, sawa na kilo 82 na nusu.

Fuawe hizi kwa kawaida zina mwili wa chuma laini na bamba la chuma kigumu juu lililounganishwa kwa moto. Ugonjwa wake ni bamba kuachana na mwili. Pitisha nyundo ndogo polepole kutoka kisigino hadi karibu na pembe, ukigonga kila sentimita mbili. Mlio ukibadilika ghafla na kuwa wa kukwaruza, bamba limeachia hapo. Chungulia pia mstari wa muungano kwa ubavuni. Bonde la milimita 2 au 3 katikati ya uso halina neno, hata linasaidia kunyoosha panga, kwani chuma hunyooshwa kwa kukipeleka kidogo upande wa pili. Kingo zilizobanduka sehemu mojamoja si hoja pia. Hatari zaidi ni fuawe iliyoungua nyumba ikiteketea: kwa macho ni nzima, lakini joto limeondoa ugumu wote, na gololi pekee ndiyo itakayokuambia.

Usikubali kuisawazisha kwa kusaga uso na grainda ili "ipendeze". Bamba gumu lina unene mdogo, na kila milimita unayoondoa hairudi. Kujaza kingo kwa rodi za kawaida za kuchomelea bila kupasha joto kwanza ni vibaya zaidi. Kando ya mchomeleo chuma hupoa haraka mno, kinakuwa kama kioo na kupasuka. Ukiona fuawe yenye rangi mbichi nzito, shuku kwamba chini yake kuna kazi ya namna hiyo. Kuna pia fuawe mpya za bei rahisi, nyingi za kasti, zinazopakwa rangi nene. Rangi isipokwanguliwa, bei isilipwe.

Kuandaa uso na kingo

Ncha ya kipande chako lazima iwe bapa na ikae pembe mraba na urefu wake. Grainda ya mkono inaweza kukata uma wa foklifti kwa uvumilivu na diski kadhaa, ukizunguka pande zote. Kwa mti wa sm 10 ni afadhali karakana yenye mashine ya kukereza au msumeno wa umeme. Uliza SIDO (shirika la viwanda vidogo) au chuo cha ufundi cha VETA, ambavyo vyote vipo Mtwara na Lindi, ni karakana ipi inapokea kazi hiyo. Kukata kwa gesi ni haraka, lakini joto huharibu ugumu wa sehemu iliyo karibu na mkato. Ukilazimika, fanya mkato huo uwe kitako, na ncha isiyoguswa iwe uso.

Kisha kingo. Kingo kali kama za tofali jipya ni adui wa kazi: zinachimba mfereji mkali kwenye chuma chenye moto, mfereji unajikunja juu yake wenyewe, na hapo ndipo panga litakapokatikia baadaye. Zungushia ukingo mmoja kwa tupa mpaka uwe na duara la milimita 5 au 6 hivi, upande mwingine milimita 3, na acha kipande kifupi cha sm 2 kikiwa karibu kikali kwa kazi ya pembe kamili. Uso wenyewe ulainishe kwa diski ya msasa, si zaidi. Kila alama iliyo juu yake itajichapa kwenye kazi yako.

Usijaribu kuufanya uso mgumu kwa kuupasha moto na kuumwagia maji. Kipande cha kilo 40 kina joto jingi mno kwa ndoo. Mvuke unakizunguka, maji hayakifikii, unapata madoa magumu na madoa laini, au ufa.

Kusimamisha

Simama wima, kunja ngumi, acha mkono uning'inie. Uso wa fuawe uwe usawa wa vifundo vya ngumi. Kwa watu wengi hiyo ni kati ya sm 70 na 80 kutoka chini, ukiwa na viatu unavyofanyia kazi. Kama mtafua wawili, punguza sm 5. Kipimo cha mwisho ni alama za nyundo: piga ubao laini uliolazwa juu ya fuawe. Alama ikiwa ya kina zaidi upande ulio karibu nawe, fuawe iko juu mno. Ikiwa ya kina upande wa mbali, iko chini mno.

Gogo liwe na kipenyo cha sm 40 au zaidi, lisimame kama mti ulivyoota, nyuzi zikielekea juu. Mwembe unapatikana kila mahali na unafaa. Mkongo ni bora zaidi ukipata kipande kilichovunwa kwa kibali. Mkorosho ni mwepesi na wadudu wanaupenda. Mnazi ndio unaowadanganya wengi: nje ni mgumu, ndani ni laini, kwa hiyo fuawe iliyokaa katikati yake itazama huku ukingo ukibaki juu. Kwa mfano wa vipimo: ngumi yako iko sm 75, kipande chako kina sm 40 na kitazama sm 15 ndani ya gogo, basi sm 25 zinabaki juu, gogo lenyewe litokeze sm 50, na lizikwe sm 50. Kata gogo la mita 1. Sehemu ya kuzikwa ipake oili chafu mara mbili tatu na iache ikauke, maana mchwa hawasubiri. Tundu lichongwe likibana. Chuma kikicheza, pigia kabari za mbao ngumu pande zote. Sakafu ya tundu iwe bapa kabisa, la sivyo kipande kitaegemea upande mmoja kila kukicha.

Ardhi ya mchanga, ambayo ndiyo tuliyo nayo sehemu kubwa ya pwani, inazamisha gogo taratibu. Chimba sm 10 zaidi, shindilia kokoto, weka bamba au jiwe bapa chini ndipo usimamishe.

Kwa kipande kirefu kama uma wa foklifti gogo si lazima. Tengeneza sanduku la mbao nene lenye upana wa ndani wa sm 30 kwa 30 na kimo cha sm 60. Chuma kikiwa kirefu mno kikate kwanza; kikiwa kifupi, weka chini mbao ya kufikisha urefu unaoutaka. Simamisha chuma katikati, jaza mchanga ukiushindilia kila sm 10. Mchanga peke yake unaongeza kilo 80 hivi na unazima kelele. Tumia mchanga wa shimoni au wa mtoni. Wa ufukweni una chumvi, na baada ya masika moja utakuta chuma kimelika. Ukitaka kuhama, unamwaga mchanga na kubeba vipande kwa guta. Zege halifai kushika chuma cha mhunzi moja kwa moja: mapigo hulivunja taratibu pale chuma kinapogusana nalo, na kipande huanza kulegea.

Bado inalia sana? Sumaku ya spika mbovu ikibandikwa ubavuni, au mnyororo mzito uliokazwa kiunoni, hupunguza. Masikio yafunikwe hata hivyo.

Kuitumia na kuitunza

Usipige uso mtupu kwa nyundo. Chuma kigumu kikikutana na kigumu hutoa vipande vidogo vinavyoruka kasi, na miwani ya kinga ndiyo inayolinda jicho. Rudisha kazi motoni rangi nyekundu inapoanza kufifia. Kufua chuma kilichopoa kunaumiza nyundo, fuawe na kazi yenyewe. Unapokata kwa tindo, weka kipande cha chuma laini chini ili ncha ya tindo isigonge uso. Magamba meusi yanayodondoka yafagiliwe kila mara, yasije yakachapwa kwenye panga.

Miongozo ya nchi za baridi husema fuawe ipashwe moto asubuhi isije ikapasuka. Huku shida ni kinyume: ikishinda juani itakuchoma kiganja. Weka kivuli.

Hewa ya bahari Mikindani, Kilwa au Lindi mjini huleta kutu usiku mmoja. Jioni, fuawe ikishapoa, ifute vumbi, pitisha kitambaa chenye oili kidogo, funika kwa gunia kavu. Nailoni hushika unyevu chini yake na kuzidisha kutu.

Uso wa chuma laini ukianza kutokeza mdomo pembeni kama uyoga, saga mdomo huo mapema, kabla haujapasuka na kuruka. Na kwa kupinda, badala ya pembe, chukua kipande cha mti wa chuma cha kipenyo cha sm 3 hadi 5, kilaze na kukifunga kwa vikuku pembeni mwa gogo kikitokeza sm 15. Macho ya nyengo, pete za nanga na kulabu utazipindia hapo.